Kikombe Kilichojifunga Kanga

Mwezi wa sita Njombe hauna utani. Ukifungua mlango wa jikoni alfajiri, ukungu unaingia kabla wewe hujatoka, na maji ya kwenye ndoo unayagusa kwa ncha za vidole kama mtu anayepapasa kaa la moto. Mama yangu huamka saa kumi na moja. Anawasha moto, anateleka chai, na ikishachemka anaimimina kwenye kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, kikombe ambacho nilizaliwa nikakikuta. Bati lina tabia yake. Chai ikimiminwa tu, kikombe chote kinawaka, hakishikiki. Ukisubiri mpaka kishikike, chai nayo imekwisha kupoa. Kwa hiyo mama hufanya lile ambalo wanawake wengi wa nchi hii hulifanya bila kufikiri. Anachukua upindo wa kanga aliyojitanda mabegani, anauzungushia kikombe, anakikumbatia kwa viganja vyote viwili, ndipo anakunywa.

Nimeliona jambo hilo maisha yangu yote. Juni hii nilikuwa nimepanda basi kutoka Dar es Salaam kuja kumwamkia, nimeketi mbele yake kwenye kigoda, mapajani nina sindano ya kroshia na donge la uzi, sijaamua nifume nini. Nikakitazama kile kikombe kilichojifunga kanga, mvuke ukimpanda mama usoni, nikajua cha kufuma. Kikombe kipewe kanga yake, ili mama naye abaki na ya kwake mabegani.

Kitu chenyewe ni kidogo mno. Ni mkanda wa uzi uliofumwa, wenye kimo cha kikombe kasoro sentimita moja au mbili, unaozungushwa kikombeni na kufungwa kwa kifungo karibu na mkono wake. Mimi nauita sweta la kikombe, na kila niliyemtajia jina hilo amelielewa papo hapo. Unaweza kulifuma la rangi moja, likafanya kazi yake, basi. Lakini anayefuma kwa ajili ya mtu fulani hutaka sweta liseme jambo: nanasi kwa shabiki wa nanasi, mistari ya jezi kwa mpenda mpira, nyota na mwezi kwa kikombe cha uji wa mtoto. Langu nililitaka liwe kanga. Kanga kamili, yenye pindo, mji na jina.

Kabla sijafika kwenye uzi, kuna jambo linanikaa rohoni kuhusu kroshia katika nyumba zetu.

Waliokulia miaka ya 1980 na 1990 wanaijua sebule ninayoisema. Kila kochi lilikuwa na kitambaa mgongoni na viwili mikononi. Meza ilikuwa na chake, redio chake, na juu ya televisheni kilikuwapo kingine, kikishikiliwa na chombo cha maua ya plastiki. Chupa ya chai nayo ilivishwa. Vyote vyeupe, au vilikuwa vyeupe kabla ya vumbi la barabara, vimefumwa kwa uzi mwembamba wa pamba katika umbo la nanasi au la jua, vikafuliwa, vikatiwa wanga, vikanyooshwa vikakakamaa kama karatasi. Msichana aliyekaribia kuolewa alijaza sanduku kwa vitambaa hivyo. Wengine walifundishwa shuleni kwenye somo la sayansi kimu, wengine katika vikundi vya akina mama wa kanisani, na wengi walikaa tu miguuni pa shangazi wakatazama mikono yake mpaka yao ikazoea.

Sisi watoto tuliruhusiwa kuvitazama. Tuliambiwa tukae ukingoni mwa kochi, tusiegemee. Ukikipotosha kitambaa cha mgongoni, ulisikia jina lako lote likiitwa, la kwako na la baba. Vitambaa vilikuwa vya mgeni. Na hata mgeni hakuvishika. Alivikalia kwa uangalifu, akavisifia, akaaga.

Baadaye vikatoweka, na sababu si uvivu wa mabinti kama wanavyosema wazee. Makochi ya ngozi yaliingia, na kitambaa juu ya ngozi kinateleza. Televisheni zikawa bapa, na televisheni bapa haina mgongo wa kuwekea chochote. Mikono iliyojua kufuma haikusahau. Ilikosa mahali pa kuweka kazi yake. Ndiyo maana sweta la kikombe limenishika moyo: ni ufundi uleule wa mama zetu, ila safari hii haukufumwa ili utazamwe kwa mbali. Haufanyi kazi mpaka mtu aushike.

Kiswahili chenyewe kinauheshimu ufundi huu kuliko sisi tunaokisema. Kufuma kumezaa kufumua, na kufumua tunakutumia kwa sweta na kwa nywele za kichwani vilevile, kwa kuwa mkono unafanya jambo lilelile. Kutoka humohumo tumepata mfumo. Zamani neno hilo lilihusu namna kitambaa kilivyofumwa, nyuzi zake zilivyopitana na kushikana. Leo tunasema mfumo wa elimu, mfumo wa mahakama, mfumo wa kompyuta, na anayesema hayo hakumbuki kwamba mdomoni ana kazi ya mtu aliyeketi na uzi.

Kroshia kwa umbo tunalolijua leo ilipata nguvu Ulaya katika karne ya 19, na kisa chake kikubwa kabisa kina viazi ndani yake. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia mashamba ya viazi ya Ireland, nchi ambayo maskini wake walikula viazi na karibu hawakula kingine. Njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja, na wengine wapatao kiasi hicho wakaikimbia nchi. Katika miaka hiyo masista wa nyumba za watawa na wake za makasisi waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma kroshia ya kuuza kwa matajiri. Katika mji mdogo wa Clones, kaunti ya Monaghan, kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1847 na Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kianglikana. Huko London, Eléonore Riego de la Branchardière alikuwa akichapisha vitabu vya vielelezo vya kroshia katika muongo huohuo. Wafumaji wa Ireland walikuwa na njia yao: walifuma kila umbo peke yake, huyu waridi, yule jani la klova, kisha maumbo yote yakaunganishwa kwa wavu mwembamba yakawa kola au gauni zima.

Nilimsimulia mama habari hiyo akimenya viazi. Akasimamisha kisu. Ng'ambo ya uzio, jirani alikuwa na bomba mgongoni akipulizia shamba lake dawa ya ukungu, ugonjwa uleule, kama wanavyofanya wakulima wengi wa viazi wa Njombe. Mama alimtazama kwa muda. "Kwa hiyo hao walikula uzi," akasema, na akaendelea kumenya.

Kuhusu kukivika kikombe, dunia imelijaribu jambo hilo kwa njia nyingi. Waturuki na Waarabu walikuwa na zarf, kishikio cha fedha, shaba au mti kilichopokea kifinjani cha kahawa kisicho na mkono, ili vidole visiungue. Kwetu pwani, muuza kahawa mwenye dele lake na vikombe vinavyogongana hakupewa zarf; mnywaji alijifunza kukamata ukingo kwa vidole viwili na kunywa harakaharaka. Waingereza waliivika birika sweta la sufu tangu miaka ya 1860. Na huko Portland, Marekani, Jay Sorensen alipata hataza mwaka 1995 ya ule mkanda wa karatasi ngumu unaovishwa kikombe cha kahawa ya kununua, unaotumika mara moja ukatupwa.

Niseme wazi sweta la kikombe linafanya nini na halifanyi nini, maana nimesikia likisifiwa kupita kiasi. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Sufu yenye manyoya inashika hewa nyingi, na mafumo manene yanashika zaidi. Hivyo ubavu wa kikombe unalindwa, na kiganja kinalindwa. Lakini kikombe kilicho wazi hupoteza joto jingi kwa juu, kwa mvuke. Sweta bila kifuniko ni sawa na kumvika mtoto koti ukamwacha kichwa wazi. Watu wa pwani walilijua jambo hilo zamani, ndiyo maana wakasuka kawa la ukindu la kufunikia chakula. Weka kisahani juu ya kikombe chako, halafu ndipo ulisifu sweta.

Uzi tuliupata gulioni, kwenye rundo la sweta za mtumba. Madukani upo uzi mpya, Kariakoo umejaa rangi zote, lakini mama hakulea watoto wake kwa uzi wa dukani na hakuwa tayari kuanza sasa. Alinionyesha namna ya kuchagua. Kwanza unaigeuza sweta nje ndani, unatazama mshono wa ubavuni. Kama vipande vilikatwa kwa mkasi vikashonwa kwa oveloki, rudisha, maana ukifumua utapata vipande vya uzi vyenye urefu wa mkono mmoja, visivyofaa kitu. Unataka sweta ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kikaunganishwa kwa mshono mmoja unaoweza kuukata ukauvuta wote. Hiyo ndiyo sweta iliyotengenezwa na mtu aliyefikiri kwamba huenda siku moja itafumuliwa.

Pili ni moto. Mama alichomoa unyuzi mmoja wa sweta nyekundu ya kwanza, akaupeleka kwenye kaa. Ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu. "Plastiki," akasema. Ni akriliki: ni nyepesi, haichujuki upesi, inafulika, lakini ukiipiga pasi au mvuke mkali inalegea na hairudi tena. Sweta nyekundu ya pili ilitoa harufu ya nywele zinazoungua, ikaacha jivu linalosagika kwa vidole. Hiyo ni sufu. Uzi wa pamba ungenukia karatasi. Tukaichukua ya sufu, pamoja na kisweta cheupe cha mtoto kilichotoa harufu hiyohiyo, kwa kuwa hatukutaka kuchanganya nyuzi zenye tabia mbili. Sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa inasinyaa na kugandamana. Ingekuwa nusu ya kanga inasinyaa na nusu nyingine inabaki ilivyo.

Tulifumua kuanzia mabegani, mimi nikivuta, mama akizungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Uzi uliofumuliwa unatoka na mawimbi, kama nywele zilizotoka kwenye mabutu. Tukaufunga vitita, tukauloweka maji ya uvuguvugu, tukautundika kwenye kamba na kijiko kizito kikining'inia chini kuunyoosha. Kesho yake ulikuwa umenyooka.

Sasa hesabu. Kikombe cha mama kina mzunguko wa sentimita 26. Mkono wa kikombe unahitaji nafasi, na sufu inanyumbulika, hivyo mkanda nikaupangia sentimita 24, uvutwe kidogo ili ukibane kikombe usiteleze. Nilitumia sindano ya milimita 4 na lile shono fupi la msingi: unachomeka sindano, unavuta kitanzi, vinakuwa viwili, unavuta uzi kuvipitia vyote. Kwa mkono wangu, mashono 16 yalinipa sentimita 10. Mkanda wote ukahitaji mashono 38, na mistari 15 kwenda juu. Mkono wa kila mfumaji una kubana kwake, kwa hiyo usiiamini hesabu yangu kwa kikombe chako. Fuma kwanza kijitambaa cha sentimita 10 kwa 10, uhesabu mwenyewe. Wanaoruka hatua hiyo hufumua mara mbili.

Ukishapata 38 kwa 15, umepata karatasi ya kuchorea. Nilichukua daftari la hesabu lenye vijumba, kila kijumba kikawa shono moja, nikaanza kuibana kanga ya futi tano mle ndani. Pindo lilikubali bila shida: mistari mitatu chini na mitatu juu, nyekundu, yenye madoa meupe kila baada ya shono moja. Imebaki mistari tisa ya katikati. Mji niliutaka uwe korosho, lile umbo la tone lililojikunja ambalo kanga za pwani zimelipenda toka zamani, na mistari tisa inalitosha kabisa.

Jina ndilo lililonitoa jasho.

Kanga ilianza bila maneno. Leso za vipande vilivyoungwa zilivaliwa Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19. Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha kwa za Kilatini, na mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, mwenye alama ya Mali ya Abdulla, hutajwa miongoni mwa walioyaeneza. Tangu hapo kanga isiyo na jina huonekana kama mgeni asiyesalimia. Na jina la kanga huandikwa kwa ajili ya wengine. Aliyejifunga halioni, analibeba nyuma yake, likasomwa na anayemfuata njiani.

Kwenye kikombe herufi moja ya kusomeka inataka mashono matatu kwa upana na matano kwa kimo, na shono moja la kuitenga na jirani yake. Mashono 38 yangebeba herufi tisa, nikafurahi, nikaandika vishazi vya herufi tisa ukurasa mzima. Kisha nikakizungusha kikombe mkononi, nikaona kosa langu. Kikombe ni mviringo. Aliyeketi mbele yako anaona nusu yake tu, mashono 19, na hata katika hayo yale ya pembeni yanakimbilia nyuma. Neno la herufi tisa halisomwi na mtu yeyote ila anayekizunguka kikombe kama anayezunguka mnara.

Tena katikati ya mkanda si mahali pa jina, japo ndipo mkono wa mfumaji unapokwenda. Mkanda unafungwa kwenye mkono wa kikombe, kwa hiyo katikati yake inaangukia upande wa pili wa mkono huo. Haimwangalii mnywaji wala mgeni, inaangalia ukuta. Ilibidi nigawe nyuso mbili. Ukishika kikombe kwa mkono wa kulia, uso mmoja unakutazama wewe na mwingine unamtazama aliye mbele yako. Mji nikauweka upande wa mnywaji. Jina, kama desturi ya kanga, likaenda upande wa mgeni.

"Andika Karibu," mama alisema.

Nikahesabu. K tatu, A tatu, R tatu, I moja, B tatu, U tatu, na nafasi tano: 21. Halienei.

"Mama, basi."

M inataka tano, la sivyo inafanana na N. Tano, tatu, tano, tatu, na nafasi tatu: 19. Linaenea kwa shida, herufi ya kwanza na ya mwisho zikijificha pembeni. Tena nikamwambia, mgeni anajua kwamba huyu ni mama, hana haja ya kusomeshwa.

Akacheka, akaenda kugeuza maharage. Jioni ile dada yangu alipiga simu kutoka Mbeya. Nilimsikia mama akiitikia salamu kama anavyoitikia siku zote, awe na wajukuu watano ndani au awe peke yake na paka: "Tupo, mwanangu. Tupo." Baba amefariki, sisi tumetawanyika, nyumba ina vyumba vinne na kitanda kimoja kinachotandikwa. Hajawahi kusema nipo. Nilihesabu kwa vidole gizani. T tatu, U tatu, P tatu, O tatu, nafasi tatu. Kumi na tano.

Nilianza kesho yake. Kubadili rangi ndiko kunakotofautisha kazi safi na kazi chafu, na siri yake ni moja: rangi mpya haiingii mwanzo wa shono lake, inaingia mwisho wa lililotangulia. Unachomeka kwa nyekundu, unavuta kitanzi kwa nyekundu, vitanzi viwili viko kwenye sindano. Sasa unaiacha nyekundu, unakamata nyeupe, unaivuta kuvipitia vyote viwili. Kichwa cha shono linalofuata kimeshakuwa cheupe kabla hujalianza. Ukichelewa kwa hatua hiyo moja, kila herufi inapata jino jekundu ubavuni. Uzi usiotumika unaulaza juu ya mstari wa chini na kuufumia ndani, unasafiri umefichwa mpaka utakapoitwa tena. Hivyo mkanda unakuwa mnene maradufu, na kwa kikombe hilo ndilo tunalolitaka.

Nilifuma kwa siku mbili, jikoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto. Nilipomaliza nikampa mama kwa fahari. Akaunyanyua mkanda dirishani, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine.

"Mbona hii P imekupa mgongo?"

Mkanda wa kikombe chenye mkono haufumwi kwa kuzunguka. Unafumwa kwenda na kurudi, mstari mmoja mbele ya kitambaa, unaofuata nyuma yake, na kwenye daftari unasoma kulia kwenda kushoto kisha kushoto kwenda kulia. Mimi nilianza kusoma kwa kinyume tangu mstari wa kwanza, na neno zima likatoka kama linavyoonekana kwenye kioo. T, U na O zikigeuzwa zinabaki vilevile, na mimi niliyetazama herufi mojamoja sikuona kwamba hata mpangilio wake umegeuka. Kwa umbo, ni P peke yake iliyosema ukweli, na ni mama aliyeisikia.

Kroshia ina huruma ambayo ufumaji wa sindano mbili hauna. Wakati wote kitanzi kilicho hai ni kimoja tu; ukiiangusha sindano hupotezi safu nzima, na ukikosea unavuta uzi na kazi inarudi nyuma kwa utulivu, shono kwa shono, mpaka mahali ulipokosea. Kwangu ilirudi mpaka kwenye pindo la chini. Mama alikamata donge jekundu, mimi jeupe, tukavuta pamoja bila kusemezana. Sufu ile ilikuwa sweta Ulaya, ikawa mtumba Njombe, ikawa kanga iliyoandikwa kinyume, na ikawa uzi tena, na haikuonyesha kuchoka.

Mara ya pili ilinichukua siku moja na nusu. Kifungo tulikitoa kwenye kile kisweta cha mtoto.

Rafiki zangu wa Dar es Salaam walipoona picha waliuliza bei kabla ya kuuliza jambo lingine. Sina bei, lile si la kuuza. Ila nina neno kwa wanaouza. Nimeona masweta ya vikombe kwenye maonesho ya ujasiriamali yakiuzwa kwa bei ya uzi na nauli, kana kwamba jioni tatu za mtu hazina thamani, na anayeuza akiomba radhi kwa bei hiyohiyo. Mashine zinafuma sweta, soksi na vitambaa vyenye sura ya kroshia. Kroshia yenyewe bado inafanywa na mkono wa mtu, kila shono, popote unapoiona duniani. Mwenye mkono huo asiombe radhi.

Siku ya kuondoka, gari langu lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikwishaamka. Kikombe kilikuwa mezani kimevaa, kisahani juu yake, na kanga yake mwenyewe ilikuwa mabegani imemfunika mpaka shingoni. Nilikaa upande wa mgeni, mahali nilipolipangia jina lisomwe.

Simu ikaita. Alikuwa dada, anataka kujua kama nimeshapata gari. Mama aliipokea kwa mkono wa kulia, maana sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na kikombe akakikamata kwa kushoto. Herufi nne nyeupe zikageukia kwake, korosho ikanitazama mimi. Alikunywa funda moja, akakitazama kikombe, akaitikia salamu.

"Tupo," akasema.